Kitambaa Kwenye Koki ya Gesi

Marlys Tikkanen alikuwa ameapa mbele ya dada yake kwamba hatakanyaga tena nyumba ya Craig Halloran. Na Alhamisi hiyo ya mwisho wa Mei, saa mbili asubuhi, yumo humohumo, kapiga magoti mbele ya mashine ya kukaushia nguo, anachokonoa kiota cha panya kwa mpini wa mwiko. Kiapo kilimshinda kwa sababu moja tu. Kesho yake saa kumi jioni walikuwa wanafika wageni wa kwanza wa msimu, familia ya watu saba kutoka Ohio, bibi kizee na mtoto mchanga wakiwemo, na hao hawakuwa na kosa lolote. Angekuwa Halloran mwenyewe ndiye anayekuja kulala, Marlys angemwachia panya wake.

Halloran alikuwa mtu wa Chicago. Miaka miwili nyuma aliinunua ile nyumba ya magogo kando ya Ziwa Lahti, akaibandika jina la Kifaransa ambalo hakuna mtu wa huku aliyeweza kulitamka bila kucheka, akaanza kuipangisha kwa wiki. Marlys alikuwa akiitunza tangu enzi za mwenye nyumba wa kwanza, miaka kumi na tisa sasa: anaifunga Oktoba, anaifungua Mei, na katikati anaangalia theluji isije ikalemea paa. Halloran alimkuta pamoja na nyumba, akamrithi kama alivyorithi makabati.

Na kosa lake lilikuwa hili. Mwezi wa Aprili, barafu ya ziwa ndiyo kwanza inapasuka, alikuja na mpiga picha na binti yake wa miaka tisa, Paige, ili nyumba ipate picha mpya za kuweka mtandaoni. Mpiga picha akamaliza kazi yake akaenda zake. Baba na mwana wakaenda kula kwenye mkahawa wa mjini, Kwa Verna, maana ilikuwa Ijumaa, na Ijumaa mji mzima hula samaki Kwa Verna. Alfajiri mtoto akaamka anatapika, baba naye kichwa kinamgonga, wakapakia gari wakarudi Chicago wamenuna. Kabla ya saa sita mchana Halloran alikuwa ameshaandika mtandaoni, pale ambapo wasafiri wote huchungulia kabla ya kuchagua pa kula: "Samaki wa Kwa Verna wamempa binti yangu sumu. Msithubutu kuingia."

Msithubutu! Verna, dada mkubwa wa Marlys, alikuwa amekaanga samaki weupe wa ziwani kila Ijumaa kwa miaka thelathini na moja. Amelisha arusi, amelisha misiba, amelisha wazima moto waliokuja na masizi usoni, na hakuna aliyewahi kulalamika zaidi ya kusema chumvi imezidi. Mkaguzi wa afya alikuja akapekua jiko zima, akainusa hata mifereji, akaandika cheti kwamba pako safi. Verna akakibandika cheti ukutani. Lakini nani atakisoma cheti kilichoko ndani ya mlango ambao ameambiwa asiuingie? Wasafiri wakaanza kupita moja kwa moja, na hata wenyeji wengine, wale wale aliowalea kwa viazi vyake, wakaanza kuagiza supu. Wiki hii Verna alikuwa amesema kwa sauti ya chini, akijifanya anapanguza kaunta, kwamba kesho hataagiza samaki. Yaani Ijumaa ya kwanza ya msimu, wikendi ya Kumbukumbu ya Mashujaa, bila samaki Kwa Verna.

"Usiende kule kugombana kwa ajili yangu," Verna alikuwa amemwambia.

"Siendi kugombana. Naenda kuangalia friji."

"Marlys, nakujua mimi."

Basi akaangalia friji. Alikuwa na utaratibu wake, na utaratibu huo ulikuwa unamkera Halloran kuliko kitu kingine chochote hapa ziwani, wakiwemo mbu. Halloran alitaka afuate fomu ya kwenye simu: washa kifaa, kipige picha, weka alama ya vema, nenda kingine. Saa moja na nusu, kazi imekwisha. Marlys hakuwa akipiga picha. Alikuwa akivitumia vifaa kama vile yeye ndiye mgeni. Alichemsha kahawa kwenye kila jicho la jiko, macho manne, birika nne. Alifua taulo moja akaikausha, akaipitisha shavuni kusikia kama kuna unyevu. Aliosha sahani ambazo hazikuwa chafu ili dawa ya kuzuia maji yasigande, aliyoimimina Oktoba ndani ya mashine ya vyombo, isije ikabaki kwenye kikombe cha mtoto wa mtu. Na oveni aliijaribu kwa mkate. Alikuja na donge la unga wenye iliki lililokwisha kuumuka, akalioka palepale. Ukiungua upande mmoja, oveni ina tatizo, usipoungua, wageni wana mkate. Picha haiwezi kukuambia oveni inaunguza upande wa kushoto. Hilo alishamwambia Halloran mara mbili, na mara zote mbili Halloran alijibu kwa kale kapicha ka kwenye simu, ka kidole gumba kilichoinuliwa.

Saa nne alifungua droo ya vijiko, akakuta kengele ya hewa ya sumu imelala chali kati ya miiko, tumbo wazi, betri zimetolewa na kuwekwa kando.

"Wewe umefikaje huku?" akaiuliza.

Kengele ile ilitakiwa iwe ukutani, kwenye ukumbi mdogo kati ya chumba cha kulala cha watoto na chumba cha hita. Betri zilikuwa zake mwenyewe. Aliziweka Oktoba na kuandika mwezi kwa kalamu, kama kawaida. Akazirudisha, akabonyeza kidude cha kujaribia, kengele ikapiga ukelele uliomfanya aruke. Nzima kabisa. Akaitundika mahali pake huku akisonya. Bila shaka ilikuwa haipendezi kwenye picha. Kila kisichopendeza kwenye picha, Halloran alikuwa amekificha: ndoo ya majivu, brashi ya sauna, kile chumba cha kuogea mvuke, hata ramani ya kina cha ziwa iliyokuwa ukutani tangu nyumba ijengwe.

Kisha akaenda kwenye hita ya maji.

Hapa lazima isemwe kitu ambacho ziwani hakuna anayekisema, kwa sababu hakuna asiyekijua. Hita za gesi za nyumba hizi zina bomba la moshi linalotokeza juu ya paa. Likiachwa wazi majira ya baridi, ndege na kindi huingia humo wakajenga. Kwa hiyo Oktoba, baada ya kufunga gesi, watu hupanda juu na kulifunika bomba kwa kopo kubwa la kahawa, la bati. Na ili asije mtu akawasha hita kopo likiwa bado juu, hufunga kitambaa chekundu kwenye koki ya gesi huku chini. Kitambaa kipo, kopo lipo. Kitambaa hakipo, kopo limeshashushwa. Hakuna mtu wa ziwani anayegusa kitambaa kabla hajapanda ngazi. Cha Halloran alikifunga Marlys mwenyewe, kipande cha shati la zamani la mumewe Arvo, mafundo mawili.

Sasa koki ilikuwa tupu. Marlys akajua Arvo ameshatangulia, maana Jumatatu alikuwa amekuja kuliweka gati la mashua majini, na kushusha makopo ilikuwa kazi yake. Akafungua gesi, akawasha, moto wa bluu ukashika kwa mlio ule mzuri.

Mtu mwingine angepiga picha hapo. Marlys alisubiri dakika tano kwa saa ya mkononi, akawasha njiti ya kibiriti, akaizima kwa pumzi, na kuisogeza penye uwazi ulioko kati ya kichwa cha hita na bomba. Bomba likiwa zima, hufyonza kile kimoshi cha njiti, chote kinazama ndani. Ndivyo alivyofundishwa na baba yake, ndivyo alivyofanya kila Mei katika nyumba sita.

Kimoshi kilimrudia usoni.

Akajaribu njiti ya pili, akidhani labda mkono wake ndio umetikisika. Kikamrudia tena, na safari hii akaisikia pia pumzi ya joto inatoka bombani kuja kwake. Alifunga gesi, akafungua madirisha yote hata yale yanayokwama, akatoka nje akasimama kwenye majani na kumpigia Arvo.

"Arvo, kopo la Halloran ulishusha?"

"Mimi? Si ulishusha wewe."

"Nipande vipi na goti hili? Nani kakuambia nimeshusha?"

"Kitambaa hakikuwepo, mama! Jumatatu nilichungulia dirishani, nikaona koki iko tupu, nikasema basi, Marlys kamtuma yule jirani na ngazi yake. Nikaendelea na gati langu."

Marlys akageuka akalitazama bomba juu ya paa.

"Marlys? Usiniambie umewasha."

"Lete ngazi."

Arvo alifika kwa dakika kumi na mbili, mzee wa miaka sitini na sita anayeendesha lori kama anakimbizwa. Alipanda bila kusema neno. Marlys akiwa ameshika ngazi chini, alisikia bati likikwaruza bati, kisha kopo likaanguka mbele ya miguu yake, jekundu, limeota kutu ukingoni. Ndani yake lilikuwa limeungua. Lilikuwa na masizi mengi, makavu, ya zamani.

Arvo alishuka, akaliokota, akapitisha kidole ndani.

"Haya si ya dakika tano zako," akasema.

"Sio."

"Mtu kaichoma hita hii kopo likiwa juu. Kwa muda mrefu. Usiku kucha, pengine."

Wakatazamana. Marlys alihisi vitu vinajipanga kichwani mwake kimoja baada ya kingine: kitambaa, droo ya vijiko, mtoto aliyetapika alfajiri.

"Verna," akasema. "Arvo, wamemchafua Verna bure."

Kwanza walimaliza kazi. Marlys hakuwa mtu wa kupiga simu ya ugomvi kazi ikiwa nusu. Aliwasha hita upya, akasubiri dakika tano, njiti ikafyonzwa vizuri. Akasubiri nusu saa, akarudia, ikafyonzwa. Kengele ikakaa kimya ukutani. Mkate ukatoka umeiva pande zote. Saa nane mchana akaosha mikono, akakaa kwenye meza ya jikoni, kopo mbele yake, akampigia Halloran.

"Marlys! Afadhali umepiga," Halloran akasema. "Naona kwenye fomu hujaweka hata alama moja. Jiko tupu, friji tupu, hita tupu. Umo humo tangu asubuhi, unafanya nini? Unawasha, unapiga picha, unazima."

"Ile Aprili mlioga maji ya moto?"

"Samahani?"

"Swali halina kona. Uliwasha hita?"

"Niliwasha, ndiyo. Nilitazama video, nikafungua maji na gesi mwenyewe, na wakati wa kuondoka nikafunga. Si kazi ya kuhitaji digrii, Marlys."

"Na kitambaa chekundu kwenye koki?"

"Lile tambara? Mpiga picha alisema linaharibu chumba. Nilitupa."

"Na kengele ya ukumbini?"

"Hiyo nayo! Tumerudi kutoka kula, mtoto anataka kulala, ikaanza kupiga kelele, haikomi. Betri zimekwisha. Nikazitoa. Nilitaka kukuambia ununue nyingine."

Marlys alifumba macho kidogo. Kisha akamtolea uvivu.

"Betri ni nzima. Nimezirudisha leo, kengele ikalia mpaka ng'ambo ya ziwa. Kengele ilikuwa inawaambia mtoke, bwana. Bomba lako la moshi lilikuwa limefunikwa kopo. Kitambaa kile ndicho kinachosema kopo liko juu, usiwashe. Wewe ukakitupa, ukawasha, moshi wote ukarudi ndani mlimolala. Hewa ile ya sumu haina harufu. Inaanza na kichwa, kinafuata kichefuchefu, halafu mtu analala tu na haamki. Mwanao hakula sumu Kwa Verna. Mwanao aliipumua nyumbani kwako, na aliyewasha hita ni wewe."

Upande wa pili mtu alikuwa akicheka mbali, ofisini, mlango ukafungwa.

"Paige alilala kile chumba kidogo," Halloran akasema. Sauti ilikuwa imepungua. "Kile kilichopakana na..."

"Nakijua kilipo."

"Hakuna aliyeniambia maana ya kitambaa."

Neno hilo lilimchoma, kwa sababu lilikuwa kweli. Hakuna aliyemwambia. Hakuna anayeambiwa, watu wa huku huzaliwa nalo, na haikumpitia Marlys akilini hata siku moja kwamba mtu anaweza kuwa na nyumba ziwani na asijue.

"Hapo una haki," akasema. "Leo nitaandika kibao nikigongelee mlangoni, kwa herufi za kuonekana na mtu wa Chicago. Lakini kengele ilikuambia. Hata mimi nisingekuambia vizuri kuliko ile."

Halloran akavuta pumzi. "Sasa hivi iko salama?"

"Iko salama. Nimeijaribu mara mbili."

"Sawa. Asante. Basi weka alama, wageni wanafika kesho. Na Marlys, hili naomba libaki kati yetu. Unajua watu walivyo. Wakisikia neno kama hilo kuhusu nyumba, wanakimbia."

Arvo, aliyekuwa anakula mkate wa wageni mlangoni, alisema baadaye kwamba aliona shingo ya mkewe inabadilika rangi.

"Libaki kati yetu?" Marlys akasimama. "La Verna ulilipeleka dunia nzima kabla ya chakula cha mchana! Hukumpigia simu, hukumuuliza, hukusubiri hata mtoto apimwe. Mwanamke ana miaka thelathini na moja kwenye lile karai, wewe ukamfuta kwa sentensi mbili. Na hili la kwako, la kweli, ndilo libaki kati yetu? Huna haya wewe?"

"Nitalifuta. Nitalifuta sasa hivi."

"Kufuta sitaki. Ukifuta, waliosoma wamebaki nalo. Utaandika. Palepale, kwa jina lako lilelile, useme ulikosea na haikuwa samaki. La hita yako kaandike au usiandike, hilo litakuwa juu ya dhamiri yako. Lakini bila la Verna, alama zangu huzioni, hata ya kibaniko cha mkate. Nitakaa hapa kesho saa kumi nikiwapokea hao watu wa Ohio, nami nitawaeleza mwenyewe kwa nini fomu ni tupu."

"Unanitishia?"

"Nakusubiri," Marlys akasema, akakata.

Akaandika kibao. Arvo akakigongelea. Kisha wakaenda Kwa Verna, kopo likiwa mapajani mwa Marlys njia nzima.

Saa kumi na moja jioni mkahawa ulikuwa na watu wawili, wote wanakula supu. Verna alikuwa nyuma ya kaunta anakausha bilauri ambazo zilikuwa kavu. Marlys aliweka kopo mbele yake na kumweleza yote, kuanzia kitambaa mpaka libaki-kati-yetu, kwa sauti iliyowafanya wale wawili wa supu waache kutafuna. Alikuwa hajamaliza simu ilipolia. Akasoma, akaisukuma juu ya kaunta. Craig Halloran alikuwa ameandika: "Mwezi wa Aprili nilisema samaki wa Kwa Verna walimdhuru binti yangu. Nilikosea. Ilikuwa hita ya nyumbani kwangu, niliyoiwasha mimi. Namwomba Verna radhi."

"Ona!" Marlys akasema. "Kalazimishwa, lakini kaandika. Sasa useme wewe. Useme chochote, dada, mtukane, nitampelekea kama ulivyolisema."

Verna aliisoma mara ya pili, midomo ikicheza. Hakuonyesha furaha ambayo Marlys alikuwa ameibeba toka ziwani. Alivuta kopo, akatazama masizi yaliyomo ndani.

"Ni yule mtoto mwenye miwani ya zambarau," akasema. "Alikuja mpaka dirisha la jikoni. Alikula sahani mbili, akaja kuniambia mkia wa samaki ndio mtamu kuliko kote, na mimi nikamwambia mimi pia naupenda mkia."

"Ndiye huyo."

"Alipoanza kutapika, kama baba yake angedhani ni mafua, ingekuwaje?"

Marlys hakuwa amelifikiria hilo. "Angempa dawa ya kichwa," akasema polepole. "Angemlaza tena."

"Kwenye kile chumba."

"Kwenye kile chumba, ndiyo."

Verna aliligeuza kopo kichwa chini juu ya kaunta, akaliwekea kiganja juu, kana kwamba kuna kitu ndani kinachoweza kutoka.

"Basi afadhali walidhani ni samaki wangu, wakanuna wakaondoka," akasema.

Marlys alikuwa na maneno ya miezi miwili, alikuwa ameyanoa, mengine ni mazuri sana. Hakupata pa kuyaweka. Verna alikuwa ameshageuka, ameshika simu ya ukutani, anamwambia mvuvi amletee ratili arobaini kesho asubuhi, na mikia asiikate.